Mthamini na Mwamuzi: Namna ya Kumaliza Mzozo wa Kiasi cha Fidia ya Nyumba



Tumeona vyema kuzungumza nanyi leo juu ya kifungu kimoja tu cha mkataba wa bima ya nyumba. Ni kifungu kifupi, aghalabu hakizidi aya moja, na wenye nyumba wengi hawakisomi mpaka siku ambayo paa limekwisha kupasuliwa na mvua ya mawe na hundi ya kampuni ya bima imekuja pungufu. Siku hiyo mtu huwa na haraka, na mwenye haraka hasomi vizuri. Ndiyo maana tunalieleza jambo hili sasa, wakati anga ni shwari na kila mmoja wetu ana nafasi ya kufikiri.

Hapa Texas hatuna haja ya kuthibitishiana kwamba maafa yapo. Jimbo hili ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yanayopigwa sana na mvua ya mawe. Mwezi Agosti mwaka 2017 kimbunga Harvey kilileta upepo na mafuriko makubwa katika pwani na jiji la Houston. Mwezi Februari mwaka 2021 baridi kali ilipasua mabomba ya maji katika nyumba nyingi, na maji yakashuka kutoka darini mpaka vyumbani. Miongoni mwenu wapo waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, wakaanza maisha mapya Houston, Dallas, Fort Worth na kwingineko, na baada ya miaka ya jasho wakanunua nyumba. Kwa wengi hiyo ndiyo mali kubwa kuliko zote walizopata kuwa nayo. Bima ndiyo ngao yake.

Kampuni ya bima inaposema kwamba ukarabati utagharimu dola 6,000, na fundi wenu akasema dola 18,000, nani ataamua? Mkataba wenyewe, mara nyingi, una jibu. Kila upande utateua mthamini wake, na wathamini wawili hao watachagua mwamuzi. Wawili kati ya watatu hao wakikubaliana, kiasi kimepatikana. Katika hati ya Kiingereza kifungu hiki huwa chini ya kichwa cha maneno Appraisal, na mwamuzi huitwa Umpire. Katika mazungumzo yetu njia hii tutaiita tathmini.

Tungependa mwondoke hapa na jambo moja la msingi: tathmini huamua ni kiasi gani kilipwe, haiamui kama kampuni inawajibika kulipa. Na uamuzi wake ukishatolewa, ni vigumu sana kuutengua. Anayelielewa hilo hutumia njia hii kwa faida yake. Asiyelielewa anaweza kutumia fedha na miezi mingi akitafuta jawabu la swali ambalo wathamini hawakupewa mamlaka ya kulijibu.

Asili ya kifungu hiki

Kifungu cha tathmini si kitu kipya. Mwaka 1943 jimbo la New York liliweka mkataba wa mfano wa bima ya moto, maarufu kwa mistari yake 165, ambao majimbo mengi yaliufuata. Ndani ya mistari hiyo mlikuwa na maelezo ya wathamini wawili na mwamuzi, na mikataba mingi ya leo bado hubeba maneno yanayofanana na hayo. Nia ilikuwa njema na nyepesi kueleweka: watu wanaobishana juu ya bei ya mbao, vigae na siku za kazi ya fundi hawana haja ya kwenda mahakamani na kungojea miaka. Wanahitaji watu wanaojua bei ya mbao na vigae.

Hata hivyo, msidhani kwamba kila mkataba una kifungu hiki. Baadhi ya kampuni zimekiondoa, na nyingine zimeweka sharti kwamba tathmini ifanyike tu ikiwa pande zote mbili zimekubali. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kuifungua hati yenu ya bima na kukitafuta kifungu. Kama hati imepotea, iombeni kampuni nakala kamili kwa maandishi. Ukurasa wa mbele unaoonyesha jina lenu na kiwango cha bima hautoshi. Masharti yamo katika kurasa za ndani na katika nyongeza zilizoambatanishwa.

Kinachoamuliwa na kisichoamuliwa

Mizozo ya bima ya nyumba ni ya aina mbili, na kila aina ina mlango wake.

Aina ya kwanza ni mzozo wa kiasi. Kampuni inakubali kwamba mvua ya mawe imeharibu paa na kwamba mkataba unaihusu hasara hiyo, lakini inasema vigae kadhaa vibadilishwe, ilhali fundi wenu anasema paa zima libadilishwe. Au pande zote zinakubaliana juu ya ukubwa wa eneo lakini hazikubaliani juu ya bei ya kazi. Mizozo hii ni ya wathamini na mwamuzi.

Aina ya pili ni mzozo wa kinga, yaani kama mkataba unaihusu hasara hiyo au hauihusu. Kampuni inasema maji yaliyoingia yalikuwa ya mafuriko, na bima ya kawaida ya nyumba haihusu mafuriko. Au inasema bima ilikuwa imekwisha muda. Au inasema mlichelewa mno kutoa taarifa. Au inasema mkataba una nyongeza isiyolipia madoa na mabonyeo ya sura tu yasiyopitisha maji. Maswali haya ni ya tafsiri ya mkataba, na mwisho wake ni mahakamani. Wathamini hawawezi kuilazimisha kampuni ilipe hasara ambayo mkataba hauihusu.

Mpaka baina ya aina hizi mbili hauonekani wazi kila mara, na Mahakama ya Juu ya Texas ililazimika kulieleza jambo hilo mwaka 2009. Kesi ilitoka Plano, kaskazini mwa Dallas, ambako mvua ya mawe ilikuwa imepiga nyumba. Kampuni ilisema mawe yaliharibu mgongo wa paa tu. Mwenye nyumba alisema paa zima linahitaji kubadilishwa, akadai tathmini. Kampuni ikakataa, ikisema mzozo huo ulihusu chanzo cha uharibifu na si kiasi. Mahakama haikukubaliana nayo. Ilisema kwamba mthamini hawezi kukadiria hasara pasipo kwanza kutazama kilichoileta. Akiona kigae kilichovunjika lazima ajiulize kama kimevunjwa na mawe ya jana au na uchakavu wa miaka. Ilisema pia kwamba, kwa kawaida, tathmini iachwe iendelee kwanza, na maswali ya uwajibikaji yabaki mikononi mwa mahakama.

Funzo kwetu ni hili. Kampuni ikikataa tathmini kwa kusema kwamba huu si mzozo wa kiasi, msikate tamaa mara moja. Iombeni ieleze kwa maandishi ni maneno gani ya mkataba inayoyategemea. Lakini kama barua yake ya kwanza inasema haitalipa hata senti moja kwa sababu hasara haihusiki, basi tathmini peke yake haitawafikisha mbali. Hapo tafuteni kwanza ushauri wa wakili.

Hatua zinavyokwenda

Masharti hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, lakini katika mikataba iliyofuata mfano wa zamani, mwendo huwa kama ifuatavyo.

Kwanza, upande wowote, mwenye nyumba au kampuni, hudai tathmini kwa maandishi. Simu haitoshi. Barua itaje namba ya bima, namba ya dai, tarehe ya hasara, na maneno yaliyo wazi kwamba mnadai tathmini kwa mujibu wa mkataba. Itumeni kwa njia itakayowapa risiti, na mweke nakala.

Pili, kila upande huteua mthamini aliye na ujuzi na asiye na masilahi katika matokeo, na kuujulisha upande wa pili jina lake. Muda wa kawaida ni siku 20 tangu dai kupokewa.

Tatu, wathamini wawili huchagua mwamuzi, naye pia awe mwenye ujuzi na asiyeegemea upande. Wakishindwa kukubaliana kwa siku 15, upande wowote unaweza kumwomba jaji wa mahakama ya mahali nyumba ilipo amteue mwamuzi.

Nne, wathamini hukagua nyumba na kulinganisha makadirio yao, jambo moja baada ya jingine: paa, mifereji ya maji, dari, zulia, rangi. Wakikubaliana juu ya yote, kazi imekwisha, na mwamuzi hahitajiki kabisa. Wasipokubaliana, humpelekea mwamuzi yale tu wanayotofautiana. Tunalisisitiza hili kwa sababu wengi humfikiria mwamuzi kama yule wa kandanda, anayekimbia uwanjani tangu mwanzo wa mchezo. Huyu wa bima hukaa nje mpaka aitwe, na akiitwa hushughulikia lile tu alilopelekewa.

Tano, uamuzi huandikwa na kutiwa saini. Saini za wawili wowote kati ya watatu zinatosha. Inaweza kuwa mthamini wenu na mwamuzi, au mthamini wa kampuni na mwamuzi, au wathamini wawili bila mwamuzi.

Ndugu zetu wenye nyumba za pwani, mathalani Galveston na Corpus Christi, wengi wenu mna bima ya upepo na mawe kutoka katika shirika maalumu la bima ya upepo lililoanzishwa kwa sheria ya jimbo. Shirika hilo lina utaratibu wake wa kisheria wa tathmini, na muda wa kuidai ni siku 60 baada ya kupokea taarifa kwamba dai lenu limekubaliwa kwa ukamilifu au kwa sehemu. Msiziache siku hizo zipite mkidhani bado mnaendelea na mazungumzo.

Nani afaa kuwa mthamini wenu

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hata mthamini aliyeitwa kuwa mtu asiye na masilahi amelipwa na upande mmoja, na ni jambo la kibinadamu kwamba atauona ushahidi wa upande huo kwa urahisi zaidi. Hilo mkataba unalijua, ndiyo maana ukaweka wathamini wawili na mtu wa tatu katikati. Lakini ipo tofauti kati ya kuuona ushahidi wa upande wako na kuwa na hisa katika matokeo.

Kwa sababu hiyo tunawashauri msimteue ndugu, rafiki wa karibu, wala fundi ambaye atapata kazi ya kujenga paa ikiwa kiasi kitakuwa kikubwa. Msikubali pia kumlipa mthamini kwa asilimia ya fedha zitakazopatikana. Baadhi ya mikataba hukataza malipo ya namna hiyo waziwazi, na hata pale isipokataza, kampuni inaweza kuyatumia kuomba uamuzi utenguliwe kwa hoja kwamba mthamini alikuwa na masilahi. Mlipeni kwa saa au kwa kiasi maalumu, na mwandikiane kabla kazi haijaanza.

Mthamini mzuri ni mtu anayejua ujenzi na bei za mahali penu, anayeweza kuandika makadirio ya jambo moja moja, na anayekubali kupanda juu ya paa. Mwulizeni amewahi kufanya tathmini ngapi na za aina gani. Mwulizeni pia kama amewahi kufanya kazi na kampuni yenu. Hilo peke yake halimwondoi, lakini mnastahili kulijua.

Msimchanganye mthamini na mkadiria hasara wa umma. Huyu wa pili ni mtu mwenye leseni ya jimbo ambaye mnaweza kumwajiri awasimamie katika dai lenu lote, akizungumza na kampuni kwa niaba yenu. Sheria ya Texas inaweka ukomo wa malipo yake yanayotokana na asilimia: yasizidi asilimia 10 ya fidia. Sheria hiyohiyo inamkataza fundi wa paa kujifanya mkadiria hasara katika nyumba anayoijenga au anayotaka kuijenga. Baada ya kila dhoruba hupita watu mitaani wakigonga milango, wakisema, "Tia saini hapa, sisi tutashughulika na bima yako." Kabla ya kutia saini ulizeni jambo moja: ninyi ni fundi au mkadiria hasara? Hawawezi kuwa vyote viwili katika nyumba moja.

Tufanye hesabu

Kila upande humlipa mthamini wake, na gharama za mwamuzi hugawanywa nusu kwa nusu. Hata mkishinda, mara nyingi fedha hizo hazirudi. Kwa hiyo kabla ya kudai tathmini, kaeni mezani na kalamu. Tuchukue mfano wa kubuni.

Nyumba imekatiwa bima ya dola 200,000. Mkataba unasema kwamba hasara ya upepo au mawe ikitokea, mwenye nyumba hujibebea kwanza asilimia 2 ya kiwango cha bima, yaani dola 4,000. Kampuni imekadiria ukarabati kuwa dola 6,000. Ikatoa zile 4,000, ikalipa 2,000. Fundi wa mwenye nyumba amekadiria dola 18,000. Tathmini imefanyika, na wawili kati ya watatu wameafikiana juu ya dola 13,000. Toa 4,000 za mwenye nyumba, toa 2,000 zilizokwisha kulipwa. Kampuni inadaiwa dola 7,000 zaidi. Mthamini wa mwenye nyumba ametoza dola 2,000, na nusu ya malipo ya mwamuzi ni dola 750. Mwenye nyumba amebakiwa na dola 4,250. Amefaidika, ijapokuwa si zile 12,000 alizozitazamia alipotazama tofauti ya makadirio.

Sasa tubadili mfano. Fundi amekadiria dola 7,500 badala ya 18,000. Tofauti yote ni dola 1,500. Hata mwenye nyumba akishinda kila hoja, gharama za tathmini zitazidi alichopata. Kwa mtu huyo njia bora ni barua, picha na kuomba ukaguzi wa pili, ambavyo havimgharimu chochote.

Tena yupo wa tatu, ambaye watu hawapendi kumtaja. Tathmini inaweza kurudi na kiasi kidogo kuliko alichokadiria mkaguzi wa kampuni. Wathamini hawafungwi na kiasi cha kwanza kilichotolewa. Anayeingia katika tathmini aingie akijua kwamba mlango huo hufunguka pande zote mbili.

Kumbukeni pia uchakavu. Mikataba mingi hulipa kwanza thamani ya paa kama lilivyokuwa siku ya hasara, likiwa na umri wake, kisha hulipa sehemu iliyobaki baada ya ukarabati kukamilika na risiti kuwasilishwa. Mikataba mingine hailipi sehemu hiyo kabisa. Mwombeni mthamini wenu ahakikishe uamuzi unaandika viwango vyote viwili: gharama ya kurejesha kitu kikiwa kipya, na thamani yake baada ya kutoa uchakavu.

Kabla ya kudai tathmini

Mali bila daftari hupotea bila habari. Anzeni kwa kumbukumbu. Pigeni picha za kila sehemu iliyoharibika kabla ya kuigusa. Zuieni hasara isiongezeke, kwa mfano kwa kufunika paa kwa turubai, maana mkataba unawataka mfanye hivyo, na mweke risiti za turubai. Msitupe zulia lililolowa wala kipande cha dari mpaka kampuni ikague, au angalau mpaka mpige picha na kuhifadhi kipande. Andikeni tarehe ya kila simu na jina la mliyezungumza naye.

Iombeni kampuni makadirio yake ya jambo moja moja. Pateni makadirio ya mafundi wawili au watatu kwa mpangilio huohuo. Yawekeni sambamba mtazame tofauti iko wapi. Mara nyingi mtakuta kwamba mzozo si wa paa zima, ila ni wa vitu vitatu au vinne: mkaguzi hakupanda upande wa nyuma, au alisahau mifereji, au alitumia kipimo kidogo cha eneo. Makosa kama hayo husahihishwa kwa ukaguzi wa pili.

Jueni pia muda ambao sheria inaipa kampuni. Kwa kawaida sheria ya Texas inaitaka kampuni ikiri kupokea dai na kuanza kulichunguza ndani ya siku 15. Ikishapata nyaraka zote ilizoziomba, ina siku 15 za kazi kusema imekubali au imekataa. Ikisema imekubali, ina siku 5 za kazi kulipa. Baada ya maafa makubwa ya hali ya hewa muda huu unaweza kuongezwa. Kampuni ikikaa kimya kupita muda, wasilisheni malalamiko kwa Idara ya Bima ya Texas. Kulalamika hakuna ada. Namba ya msaada kwa wenye bima ni 800-252-3439. Idara haiamui paa lenu ni la dola ngapi, lakini huitaka kampuni ijibu.

Jambo jingine: fungu la mwenye nyumba lazima lilipwe na mwenye nyumba. Tangu tarehe 1 Septemba 2019, sheria ya Texas inamhesabu kuwa mkosaji fundi anayeahidi kulifuta au kulilipa kwa niaba yenu, na kampuni inaweza kuomba ushahidi kwamba mmelilipa. Ahadi ya paa la bure ni ahadi ya kuwaingiza matatani.

Mwisho, muda wa kufungua kesi. Msidhani kwamba kudai tathmini kunasimamisha saa ya mahakama. Tazameni katika mkataba tarehe ya mwisho ya kushtaki, na kama inakaribia, mwoneni wakili kabla haijafika.

Uamuzi ukishatolewa

Mahakama za Texas huuheshimu uamuzi wa tathmini, na huanza kwa kudhani kwamba uko sawa. Sababu za kuutengua ni chache: kwamba ulitolewa bila mamlaka, kwamba ulitokana na udanganyifu, ajali au kosa, au kwamba haukufuata masharti ya mkataba kwa kiasi kinachoridhisha. Kwamba kiasi ni kidogo kuliko mlivyotarajia si sababu. Kwamba mwamuzi alimwamini mthamini wa upande wa pili si sababu.

Kwa hiyo nguvu yenu iko kabla ya saini. Mpeni mthamini wenu kila picha, kila risiti na kila kadirio mapema. Kaeni nyumbani siku ya ukaguzi, au mwe na mtu mnayemwamini, mhakikishe kila chumba kilichoharibika kimeingiwa. Kama Kiingereza cha nyaraka kinawashinda, tafuteni mtu mzima wa kuwasomea, asiye fundi wala mwakilishi wa kampuni. Msimbebeshe mtoto wa shule mzigo wa kutafsiri mkataba wa nyumba. Na msitie saini karatasi ambayo hamjaielewa, hasa ile inayosema kwamba mmepokea malipo ya mwisho na mnafunga dai lote.

Ndugu zetu, leo jioni, kabla ya kulala, itoeni hati ya bima sandukuni. Tafuteni mambo manne na kuyaandika pembeni: kama kifungu cha tathmini kipo, mna siku ngapi za kumteua mthamini, mnajibebea kiasi gani cha hasara ya upepo na mawe, na mwisho wa kudai na kushtaki ni lini. Msipoliona jambo mojawapo, mpigieni simu wakala wenu kesho asubuhi mwulize, na jibu lake mliombe kwa maandishi.